Programu Inayouliza Nenosiri Isilale na Kompyuta

Wakubwa zangu, shikamooni. Wadogo zangu, habari za asubuhi. Nawashukuru waandaaji kwa nafasi hii, na nawashukuru zaidi ninyi mlioamka alfajiri kutoka Kondoa, Mpwapwa na Chemba kuja hapa Dodoma mjini. Najua wengi wenu mmekuja na kompyuta mpakato mgongoni, na ndani ya kompyuta hizo mmebeba watu.

Nasema watu kwa sababu ndiyo kazi yenu. Msaidizi wa utafiti wa afya aliyekuwa Bahi juzi ana jedwali lenye jina la mama, kitongoji anachokaa, umri wa mtoto, namba ya simu ya mume, na kule mwisho safu yenye jibu la kipimo. Msaidizi wa kisheria ana maelezo ya binti aliyekuja kumshtaki ndugu yake wa damu. Mhasibu wa kikundi cha kuweka na kukopa anajua nani kashindwa kurejesha na kwa nini. Safu ile ya jibu la kipimo ikisomwa kwa sauti kilabuni kijijini, umevunja nyumba ya mtu, na yule mama hatakuwa na pa kuihamishia aibu ile. Alikuamini akakujibu maswali yako yote akiwa amekaa kwenye kigoda, mtoto kamlaza mapajani. Hilo ndilo linalonileta mbele yenu leo.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022 na ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Taarifa za afya zimewekwa katika kundi la taarifa nyeti, na anayezikusanya ana wajibu wa kuzilinda zisifike kwa asiyehusika. Kwenye sheria sitakaa, wanasheria wamo humu ukumbini. Mimi ni mtu wa mashine, na nataka mtoke hapa mkijua kwa nini diski iliyosimbwa peke yake haitoshi, na pengo linalobaki linazibwaje kwa fleshi ndogo inayokaa mfukoni mwako.

Tuwekane sawa kwanza kuhusu kusimba. Nenosiri lile unaloandika ukishaiona picha yako kwenye skrini, kwenye mashine ambayo diski yake haijasimbwa, halilindi diski hata kidogo. Mtu akifungua skurubu za chini, akaitoa diski na kuichomeka kwenye mashine yake, anasoma kila kitu bila kuulizwa lolote. Ukiisimba diski, kila kinachoandikwa humo kinavurugwa kwa hesabu, na bila ufunguo hakisomeki. Hesabu inayotumika zaidi duniani ni AES, iliyotungwa na Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen, ikapitishwa kuwa kiwango cha serikali ya Marekani mwaka 2001. Mpaka leo hakuna njia inayojulikana ya kuivunja ambayo mwizi wa kompyuta anaweza kuitumia. Kwenye Linux, mfumo endeshi wa bure ambao baadhi yenu mnautumia badala ya Windows, kazi hii hufanywa kwa LUKS, mpango uliobuniwa na Clemens Fruhwirth mwaka 2004. Kwenye Windows kuna BitLocker, iliyokuja na Vista.

Wenye LUKS ya toleo la pili mna faida nyingine. Nenosiri lenu hupitishwa kwanza kwenye Argon2, hesabu inayokula kumbukumbu ya mashine kwa makusudi, ili mtu anayebahatisha maneno asiweze kujaribu mamilioni kwa sekunde. Lakini Argon2 haina msaada kwa mtu aliyeweka jina la mwanawe na mwaka aliozaliwa. Chukua maneno sita au saba yasiyohusiana, yapige kura, changanya Kigogo, Kirangi na Kiswahili ukitaka. Yatakuwa marefu kuandika. Vumilia.

Basi tuseme umeyafanya hayo yote. Diski imesimbwa, nenosiri ni refu. Tufuate sasa kinachotokea unapobonyeza kitufe cha kuwasha, kwa sababu jambo lenyewe limejificha katika sekunde zile chache za mwanzo.

Umeme ukiingia, wa kwanza kuamka ni UEFI, programu iliyokaa kwenye chipu ya bodi kuu ya mashine. Hiyo inatafuta kwenye diski sehemu ndogo yenye programu ya kuwashia. Kwa wengi wa Linux ni GRUB. GRUB inapakia mafaili mawili: kerneli, ambayo ni moyo wa mfumo endeshi, na faili la kuanzishia ambalo mafundi wanaliita initramfs. Faili hili la pili ndilo linalochora ule mstari mweupe kwenye skrini nyeusi unaokutaka uandike nenosiri. Ukiandika, ufunguo unapatikana, diski inafunguka, mfumo unaendelea kuwaka.

Jiulizeni: hayo mafaili yanayokuuliza nenosiri yamekaa wapi? Hayawezi kuwa ndani ya sehemu iliyosimbwa, kwa sababu wakati yanasomwa hakuna ufunguo bado. Ukisakinisha Debian, Ubuntu au Fedora, ambazo ni aina za Linux, kwa njia ya kawaida ukachagua kusimba diski, kipande cha /boot, chenye kerneli na initramfs, na kile cha EFI, ambacho UEFI huanzia, hubaki wazi. Kila kitu kingine kimefungwa, isipokuwa ile programu unayoikabidhi siri yako. Ni nyumba yenye kuta za zege na mlango wa chuma, ila mlinzi anayepokea funguo analala nje ya geti, na mtu yeyote anaweza kuja usiku akamwondoa na kumweka mwingine aliyevaa sare ile ile.

Hivi ndivyo inavyoweza kufanyika. Umekuja Dodoma kwa semina, umepanga gesti. Mchana umetoka kwenda kula, kompyuta umeiacha chini ya mto, imezimwa, diski imesimbwa, roho yako imetulia. Anaingia mtu mwenye ufunguo wa akiba. Si lazima awe mhudumu, anaweza kuwa yeyote aliyeupata ufunguo. Haibi kitu. Anachomeka fleshi yake, anaiwasha mashine yako kwa mfumo wake mwenyewe, anafungua kile kipande kilicho wazi na kuweka initramfs yake mahali pa yako. Anazima, anairudisha chini ya mto vile vile ilivyokuwa. Jioni unarudi, unawasha, unaona mstari ule ule mweupe kwenye weusi ule ule, unaandika maneno yako saba. Mfumo unawaka kama kawaida. Tofauti ni kwamba maneno yale sasa yameandikwa pembeni, kwenye kona ya diski ambayo wewe hutaiangalia. Kesho yake anarudi kuchukua alichokipanda, na safari hii ananakili diski nzima, kwa sababu ufunguo anao.

Hili halijatokana na hofu zangu. Mwaka 2009 mtafiti kutoka Poland, Joanna Rutkowska, pamoja na mwenzake Alex Tereshkin, walilionyesha hadharani. Walitengeneza fleshi ambayo ukiiwashia mashine iliyosimbwa kwa TrueCrypt, programu iliyokuwa ikiaminiwa sana wakati ule, inamaliza kazi kwa dakika moja au mbili. Anayeitumia hahitaji kujua chochote kuhusu kompyuta. Anachomeka, anasubiri, anachomoa.

Dawa yake mimi naipenda kwa sababu haihitaji bajeti ya ofisi. Ile programu inayouliza nenosiri tuitoe kwenye kompyuta kabisa, tuiweke kwenye fleshi, na fleshi iende popote mwenyewe anapokwenda. Kipande cha /boot na kile cha EFI vihamie huko. Diski ya ndani ibaki imesimbwa kutoka mwanzo hadi mwisho, bila programu ya kuwashia, bila kerneli. Anayeiwasha bila fleshi yako anakutana na ujumbe kwamba hakuna mfumo wa kuwasha.

Ukitaka kulifanya, lifanye wakati wa kusakinisha mfumo upya, usilazimishe kwenye mashine iliyojaa kazi. Kisakinishi kikikuuliza namna ya kugawa diski, chagua kugawa mwenyewe. Diski ya ndani yote iwe LUKS. Kwenye fleshi tengeneza kipande cha EFI cha aina ya FAT32, megabaiti mia tano zinatosha, na kipande cha /boot cha gigabaiti moja au mbili. Kuna jambo watu hulisahau hapa: GRUB isakinishwe kwa ile njia ya vifaa vya kuchomoa, ili faili lake likae kwenye folda ya EFI/BOOT kwa jina la BOOTX64.EFI. Jina hilo ndilo UEFI ya mashine yoyote ya kawaida hulitafuta kwenye fleshi. Usipofanya hivyo, fleshi itategemea kumbukumbu ya mashine moja, na siku kumbukumbu hiyo ikifutika utahangaika bure.

Ukishaingia kwenye mfumo, chomoa fleshi, ning'iniza shingoni au funga na funguo za nyumba. Mfumo ukishawaka hauihitaji tena, kwa sababu kerneli imeshapakiwa na kila kingine kimo kwenye diski. Hata kwa vumbi letu la Dodoma ni nafuu, tundu la USB halikai na kitu kinachoning'inia siku nzima.

Siku pekee utakayoihitaji katikati ya kazi ni siku ya kusasisha mfumo, na hapo naomba mnisikilize kwa makini, maana ndipo wengi wanapokwama kisha wakaachana na mpango mzima. Kerneli mpya ikija, mfumo unaiandika kwenye folda ya /boot. Kama fleshi haijachomekwa na kuunganishwa, ile folda ipo bado, ila ni folda tupu ndani ya diski. Mfumo utaandika humo bila kulalamika, na utakuambia kazi imekamilika. Fleshi yako imebaki na kerneli ya zamani. Utawasha leo, utawasha kesho, hakuna tatizo. Kisha mfumo utafanya usafi na kuondoa vipande vya kerneli ya zamani kwenye diski, na asubuhi moja utakuta mtandao haupo, sauti haipo, kwa sababu kerneli iliyowaka kutoka kwenye fleshi inatafuta vipande vyake na havipo tena. Kwa hiyo jiwekee utaratibu: fleshi kwanza, hakikisha imeunganishwa kwenye /boot, ndipo usasishe.

Fleshi ziwe mbili. Fleshi hufa, hupotea, hufuliwa na suruali. Ya pili inakiliwe kutoka ya kwanza, ikae nyumbani au kwa mtu unayemwamini, na kila unaposasisha ya kwanza, ya pili nayo ifuate. Fleshi ikipotea njiani kwenye treni au kwenye basi usipoteze usingizi: kilichomo ni GRUB na kerneli, vitu ambavyo kila mtu anavipata bure kwenye intaneti. Aliyeiokota hana kompyuta yako na hana nenosiri lako. Ila ikipotea kisha ikaonekana, ukaletewa na mtu usiyemjua, usiitumie. Ifute, uinakili upya kutoka ile ya pili.

Na fleshi hiyo isiwe ya kazi nyingine. Nawaona mnavyofanya: fleshi moja ina ripoti, nyimbo za kwaya, picha za harusi, na ndiyo hiyo hiyo inayopelekwa steshenari kuchapisha barua. Kompyuta ya steshenari imechomekwa fleshi za mji mzima. Fleshi ya kuwashia ikiingia huko, mlinzi uliyemficha mfukoni umempeleka mwenyewe akabadilishwe.

Kuna mama mmoja aliniuliza kabla hatujaanza: je, huyo mtu wa gesti hawezi kuweka programu yake ya kuwashia kwenye diski ya ndani hata kama mimi sina? Anaweza, mama yangu. Anaweza kumega kipande cha diski akaweka skrini inayofanana na yako, akitegemea kwamba siku moja utasahau kuchomeka fleshi. Kwa hiyo ingia kwenye mipangilio ya UEFI, uiambie mashine ianze na USB, uondoe diski ya ndani kwenye orodha ya kuwashia kama mashine inaruhusu, na mipangilio hiyo uifunge kwa nenosiri lake. Kisha shika sheria hii: skrini ikikuuliza nenosiri na fleshi iko mfukoni, usiandike hata herufi moja. Mashine ambayo haina kitu cha kuwashia haiwezi kukuuliza nenosiri. Ikikuuliza, kuna mtu amepita. Izime, piga simu kwa mtu wa mifumo wa ofisi yako.

Faida yake mtaiona hata kwa fundi. Skrini ikipasuka, unapeleka mashine mjini, na swali la kwanza ni nenosiri, fundi ajaribu kama kazi yake imekaa sawa. Wengi mnaliandika kwenye kikaratasi na kukibandika juu ya kompyuta. Kuanzia leo mwambie fundi awashe kwa fleshi yake mwenyewe yenye Linux ya majaribio. Skrini ataiona, kibodi ataijaribu, sauti ataisikia, na faili zako hatazigusa. Fundi mwaminifu hatachukia, naye atafurahi kutobeba lawama.

Kuhusu kulaza mashine. Ukifunga tu kifuniko, kompyuta inalala lakini ufunguo wa diski unabaki kwenye kumbukumbu ya muda. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton walionyesha kwamba kumbukumbu hiyo haifutiki papo hapo umeme unapokatwa, na ukiipoza inashikilia yaliyomo kwa muda wa kutosha mtu kuuchota ufunguo. Ukiiacha mashine, izime kabisa. Na ukinunua SSD mpya, isimbe kabla ya kuweka faili la kwanza, kwa kuwa diski za aina hiyo huhamisha maandishi ndani kwa ndani na kinachofutwa huweza kubaki kwenye seli usizoziona.

Wenye kutaka kwenda mbali zaidi, LUKS inakubali hata kichwa chake kihamishwe kwenye fleshi. Kichwa ni kile kipande cha mwanzo, megabaiti 16 kwa kawaida katika toleo la pili, kinachotunza ufunguo mkuu ukiwa umefungwa kwa nenosiri lako. Kikiondolewa, diski inabaki kelele tupu, wala haina alama ya kuonyesha kwamba ni LUKS. Mimi siwashauri wengi wenu kufanya hivyo. Kichwa kikipotea na nakala hakuna, data imekwenda moja kwa moja, hata mwenyewe ukiwa na nenosiri sahihi hutaipata, na takwimu za mwaka mzima za akina mama wa Chamwino haziwezi kukusanywa mara ya pili kwa sababu ya fleshi iliyoingia kwenye maji. Atakayefanya hivyo achukue nakala ya kichwa kwa amri ya luksHeaderBackup na aiweke mahali pa tatu, mbali na fleshi zote mbili. Na hata asiyehamisha kichwa achukue nakala hiyo, maana kichwa huharibika pia kikiwa ndani ya diski.

Kuna yasiyozibwa na fleshi. Mtu akibadili programu iliyo kwenye chipu ya bodi kuu, au akipachika ndani ya kibodi kifaa cha kunasa herufi, fleshi yako haitalijua. Mtu aliyekaa nyuma yako kwenye kiti cha basi anaona vidole. Virusi vikiingia mashine ikiwa imewaka, vinasoma faili kama unavyozisoma wewe, kwa sababu wakati huo diski imefunguliwa. Fleshi inamzuia mtu mmoja: yule anayeifikia mashine yako ikiwa imezimwa na wewe haupo. Kwa maisha yenu ya kulala gesti, kuacha mabegi ofisi za vijiji na kupanda bodaboda, mtu huyo ndiye ninayemhofia kuliko mdukuzi wa ng'ambo.

Ndugu zangu wa Windows, sijawasahau. BitLocker ya toleo la Pro inaweza kuwekewa ufunguo wa kuwashia kwenye fleshi, au namba ya siri kabla ya kuwaka, ikishirikiana na chipu ya TPM ambayo hukagua kama programu za kuwashia zimeguswa. Si sawasawa na kuhamisha /boot yote, lakini ni bora mara nyingi kuliko BitLocker inayofunguka yenyewe pasipo kuuliza chochote, kama ilivyo kwenye mashine nyingi nilizoziona. Mwombeni mtu wa mifumo awawashie kipengele hicho, na ufunguo wa uokoaji uchapishwe na ufungiwe kabatini ofisini. Usikae ndani ya begi la kompyuta hiyo hiyo.

Baada ya chakula tutakaa kule meza za nyuma, na atakayetaka tutamsakinishia. Njoo na fleshi mbili mpya na chaja yako. Kabla ya yote, nakala ya kazi zako zote iwe kwenye diski ya nje, na diski hiyo nayo tuisimbe hapo hapo, kwa sababu tukishaanza kugawa diski ya ndani kilichomo kitafutika chote. Ambaye hana nakala leo, asikae kwenye foleni. Aanze na nakala, aje kesho asubuhi, nitakuwepo. Sasa naomba maswali, tuanze na akina mama huku mbele.